Zima Sauti, Tazama Ngumi Tena

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia uhakiki wake wa filamu ya Hong Kong ya mwaka 2024, Twilight of the Warriors: Walled In, akauliza: "Kaka, mbona naandika na hakuna anayesoma?" Swali lilinichoma, maana liliwahi kuwa langu.

Mwaka 2022 niliandika kuhusu filamu ya Everything Everywhere All at Once. Niliitazama kwenye simu huku nikijibu meseji, nikamaliza uhakiki usiku uleule. Nikaiita kelele tupu. Mhariri aliyenipa kazi alinirudishia na sentensi moja: "Umehesabu mateke, nyuso hukuziona." Hakunipa kazi tena. Ule ujumbe unaniuma hadi leo, na unaniuma zaidi kwa kuwa alisema kweli. Mwaka uliofuata filamu ile ikabeba Oscar 7, lakini tuzo hazikunibadilisha. Kilichonibadilisha ni kuirudia, safari hii sauti nimezima.

Kuna pigano ndani ya ofisi ya kodi. Waymond, mume mpole ambaye mkewe hana hata dakika ya kumsikiliza, anafungua kipochi chake cha kiunoni na kukizungusha hadi mkanda unanyooka kama mnyororo. Walinzi wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Mkewe anamtazama kama mtu asiyemjua. Huko mbele mke huyohuyo anajifunza kuwashinda maadui kwa kumpa kila mmoja kile alichokikosa maishani, na mzizi wa jambo hilo ni mume ambaye mke huyo hakuwahi kumthamini. Mara ya kwanza yote hayo yalinipita! Ndugu wawili waliopanga mapigano yale, Andy na Brian Le, walijifunza kung fu kwa kutazama sinema na kurudia walichokiona. Wao walirudia, mimi nilitazama mara moja nikatoa hukumu.

Tangu hapo kila filamu naitazama mara mbili. John Wick: Chapter 4 ilipotoka mwaka 2023, niliandika kuhusu ngazi 222 za Paris peke yake: mtu anapanda akipigana, anabingirishwa hadi chini, anaanza upya huku jua likikaribia kuchomoza na miadi ya kufa au kupona ikimsubiri juu. Uhakiki huo umesomwa kuliko chochote nilichowahi kuandika, na ninajivunia.

Kwa hiyo ndugu zangu, tazameni mara mbili. Msiandike juu ya filamu mliyoipitia tu kwa macho. Watu walivunjika mwili kuitengeneza; wape saa mbili nyingine. Ngumi ni maneno, na anayeirusha ana jambo la kusema.

Nawe uliyeniandikia: "mapigano ni ya hatari sana" imo mara tatu kwenye ukurasa wako. Ifute. Niambie nani alichoka kwanza, na uso wake ulikuwaje alipojua amechoka. Kisha nitumie tena.