Maswali na Majibu: Msimbo wa bure una masharti ya nani?

Wiki hii barua zote zimetoka mkoa wa Tanga. Naona vijana wamechoka kucheza bao, sasa wanaliandikia programu.

Nina mchezo wa bao niliouunda kwa Unity, programu ya kuundia michezo ya kompyuta. Kipande cha msimbo (maandishi ya programu) cha kuhesabu kete nimekiweka bure Unity Asset Store, soko lake la mtandaoni, na hichohicho kipo GitHub, tovuti ya kuwekea na kushirikiana msimbo, kwa leseni ya MIT. Nimejichanganya? (Ngamiani)

Hujajichanganya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitazama programu ya kompyuta kama maandishi mengine, na mwenye maandishi ni wewe. Unaweza kutoa ruhusa mbili kwa kitu kimoja, mradi hujampa mtu haki ya pekee. Anayekichukua sokoni anafuata masharti ya soko: atakitumia ndani ya mchezo wake, ila hatakigawa tena kama kilivyo. Wa GitHub atakigawa, atakibadilisha, hata kukiuza, almuradi aache jina lako na maneno ya leseni. Kwenye maelezo ya sokoni ongeza mstari mmoja: "Kinapatikana pia GitHub kwa leseni ya MIT." Basi.

Mimi niliweka msimbo wangu GitHub bila leseni yoyote. Si tayari ni wa wote? (Chumbageni)

Mwembe wa jirani ukiinamia barabarani, kivuli utakaa, embe utaomba. Watu wanaweza kuusoma msimbo wako na kuunakili humohumo GitHub. Zaidi ya hapo haki zote bado ni zako, na mtu mwangalifu hataugusa. Weka faili la LICENSE, lenye maneno ya leseni, leo.

Jamaa wawili walinitumia marekebisho ya msimbo wangu wa GitHub nikayaingiza. Bado naweza kuupeleka sokoni? (Muheza)

Inategemea leseni. Mistari yao ni mali yao. Waliileta kwa leseni uliyokuwa umeiweka. Ikiwa ni MIT, peleka, ila majina yao na maneno ya leseni yaende pamoja. Ikiwa ni GPL, leseni inayotaka anayegawa msimbo agawe kwa masharti yaleyale, simama kwanza. Januari 2011 VLC, programu ya kuchezea video, iliondolewa kwenye App Store ya Apple baada ya mmoja wa waandishi wake kulalamika kwamba masharti ya soko yanagongana na GPL. Ilirudi 2013, baada ya kazi ya kuwatafuta waandishi wake waridhie leseni nyingine. Wewe una wawili tu, waulize sasa kabla hawajabadilisha namba za simu. Na jibu lao liwe la maandishi. "Poa kaka" ya kwenye kibaraza haitakusaidia.

Picha za ubao nilizitoa mtandaoni. MIT yangu inazifunika? (Pangani)

Hata kidogo. Huwezi kugawa ruhusa ya kitu cha mwenzio. Zifute. Hapo Pangani hukosi wazee wanaocheza bao jioni. Waombe, upige picha kwa simu yako mwenyewe.