Mteja ananitaka moja kwa moja, wakala anatishia milioni 5

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni fundi wa kufunga kamera za ulinzi hapa Mwanza, mwaka wa pili sasa nafanya na kampuni moja ya wakala, sio mwajiriwa wao, nilisaini kama fundi wa kujitegemea. Wao wanapata tenda wananituma saiti, nikimaliza natuma invoisi wanakata ile asilimia 5 ya TRA wananilipa. Sasa kuna hoteli nawahudumia, meneja kanivuta pembeni kaniambia fundi si uje tufanye wenyewe tu. Nikarudi kusoma mkataba nikachoka, eti nikiondoka nisifanye kazi na mteja wao yeyote wala kampuni ingine ya kamera Kanda ya Ziwa yote miezi 12, nikikiuka nalipa milioni 5, alafu nirudishe laki 8 ya kozi ya siku tano walonipeleka Dar. Na mi nawadai nauli za Geita na Sengerema tangu mwezi wa nne, kila nikiuliza "tunaangalia". Naondokaje hapo?

JIBU: Kaka pole, ila usichanganyikiwe na hiyo milioni 5 kwanza. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, kifungu cha 27, inasema makubaliano ya kumzuia mtu asifanye kazi au biashara yake halali ni batili kwa kiasi hicho cha kuzuia. Wewe hujamuuzia mtu duka na jina lake ukaahidi hutafungua lingine jirani (muuzaji wa hivyo ndo sheria inaruhusu azuiwe), wewe ni fundi unatafuta riziki, na Kanda ya Ziwa nzima miezi 12 kiukweli ni kukuambia uhame au ulale njaa. Hata faini yenyewe, kifungu cha 74 kinaifanya kuwa kikomo, mahakama inaangalia fidia ya haki isiyozidi hapo, kwahiyo milioni 5 sio bei ya dukani.

Lakini sikiliza. Hiyo ni BAADA ya kuondoka. Ukiwa bado ndani ya mkataba ukaenda hotelini Jumapili ukafunga kamera nne kimyakimya, hapo unajiharibia mwenyewe. Toa notisi kwa maandishi, siku zilizoandikwa kwenye mkataba, zikiisha ndo uanze. Na kama una mafaili ya bei za wakala kwenye simu usiende nayo kwa meneja, kutunza siri ni ahadi ingine kabisa na hiyo inaweza kukubana. Alafu muulize meneja, na wao hawajasaini kwa wakala kwamba hawatachukua mafundi wake? Wengi wamesaini na hawakumbuki, unakuja kuacha kazi hoteli nayo inaogopa, unabaki katikati.

Kozi: kama ulisaini kurudisha, hilo ni deni tofauti usilipuuze. Waombe risiti, walilipa kweli laki 8? Na waambie umeshawazalishia muda wote tangu urudi, omba ipunguzwe.

Nauli ndo imeniuma. Kama mkataba uko kimya, fundi wa kujitegemea kwa kawaida anajibebea gharama zake, na wakala watakutupia hilo. Ila kama miezi ya nyuma walikuwa wanakurudishia, au kuna meseji ya WhatsApp imeandikwa "nenda Geita tutakurudishia", hiyo meseji ni ushahidi, usiifute, ipige skrinshoti na simu usiuze! Andika safari moja moja, tarehe, saiti, kiasi, uitume KABLA ya notisi, maana ukishaaga nani atakujibu. Na usije ukabaki na ngazi yao eti mpaka walipe.

Kitu kingine hujaniuliza: hiyo mwaka wa pili unafanya kwao tu? Wao ndo wanapanga saa za kufika, wanakupa vifaa? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu akiwa hivyo, au akiwa amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi miezi mitatu ya mwisho, anachukuliwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba ungemwita jina gani. Ikiwa ndivyo, nenda na mkataba wako CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi) wakusikilize, na usichelewe, kule wana muda wa kupokea malalamiko.

Na hotelini usitaje bei ile ile unayolipwa na wakala. Wakala alikuwa anabeba waya na kurudi saiti kamera ikizima usiku, sasa hivyo vyote ni vyako, kwahiyo vipigie hesabu kwanza ndo useme kiasi. Ufundi uandike mstari wake na vifaa mstari wake kwenye invoisi.