Namba za damu za mzee kabla ya oparesheni ya kibofu

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 67, kakojoa damu muda mrefu sisi tukajua ni kichocho tu kama kawaida ya huku ziwani, sasa baiopsi (kipimo cha kinyama) imetoka ni kansa ya kibofu na imeshaingia kwenye msuli, wanataka kukitoa kibofu chote. Wingi wa damu 9.2, albumini (protini ya damu) 28, halafu binamu yangu anayesomea udaktari kagawanya nyutrofili 6.0 kwa limfosaiti 1.2 (zote ni chembe nyeupe za damu) kapata 5, anasema ikizidi 3 mgonjwa hana maisha marefu. Tughairi oparesheni mzee apumzike? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Msighairi kwa ajili ya hiyo 5. Binamu hajadanganya, tafiti nyingi zimeona wanaoingia tieta uwiano huo ukiwa juu hawafanyi vizuri kama wenzao, ila huo ni wastani wa watu wengi haumsemi baba yako peke yake, tena nyutrofili zinapanda haraka mtu akiwa na maambukizi na mzee mwenye uvimbe kwenye kibofu UTI haikai mbali, hasa kama kawekewa mpira wa mkojo. Waulize kama mkojo umeoteshwa maabara kutafuta bakteria, wakiwepo atibiwe, kisha FBP (kipimo cha chembe za damu) irudiwe.

Mimi zinazonitia wasiwasi ni zile mbili. Albumini inatakiwa ianzie 35, damu ya mwanaume 13, zikiwa chini kidonda kinachelewa kupona, maambukizi yanazidi na hatari ya kufa miezi ya mwanzo baada ya kisu inapanda. Lakini hizi zinafanyiwa kazi! Wapime chuma, kikipungua apewe cha mshipani, au aongezewe damu ikibidi. Ale mayai, dagaa, maharage, japo albumini inashushwa pia na ugonjwa wenyewe kwa hiyo msishangae ikipanda taratibu.

Na kreatinini, kipimo cha figo, mbona hujaitaja? Uvimbe ukiziba mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, kreatinini inapanda, na figo zikichoka hawezi kupewa sisplatini (dawa ya kansa) kabla ya oparesheni. Muulize daktari pia baiopsi imesema ni kansa ya aina gani, maana ile inayotokana na kichocho mara nyingi haisikii sana dawa hizo, tegemeo linakuwa kisu. Kama hapati dawa kwanza, hayo maandalizi yaende haraka, oparesheni isizidi miezi 3 tangu kansa igundulike.