Usichome majani hayo: nilivyoanza kutengeneza mboji nyumbani

Kila asubuhi mtaani kwetu Kigamboni utasikia fagio za chelewa, na haupiti muda utaona moshi. Majani ya mwembe na mkungu yanakusanywa kwenye kona ya uwanja, yanapigwa kiberiti, basi. Nami nilifanya hivyo miaka mingi. Huku nachoma majani, huku nanunua samadi ya matembele yangu, huku namlipa kijana wa mkokoteni aje abebe maganda ya jikoni. Siku nilipoelewa kwamba mbolea niliyokuwa naitafuta ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa naichoma na kuitupa, roho iliniuma.

Jaribio langu la kwanza la mboji, yaani mbolea ya majani na maganda yaliyooza, lilikuwa ndoo ya lita 20 nyuma ya jiko. Nilitia humo maganda ya ndizi na viazi, nikaongeza machicha ya nazi, nikabana mfuniko. Wiki ya pili nilipofungua nilikutana na harufu ya yai viza, maji meusi chini na funza wakitambaa ukingoni. Jirani alikuja kuuliza, kwa upole kabisa, kama kuna panya amefia kwetu. Nilimwaga kila kitu shimoni, na kwa miezi kadhaa sikutaka kusikia neno mboji.

Maganda hayakuwa na kosa. Mimi niliweka vibichi vitupu na kuvinyima hewa. Vijidudu wanaoozesha takataka wanahitaji vibichi vyenye naitrojeni, kama maganda, mabaki ya mboga, majani ya chai na samadi. Wanahitaji vikavu vyenye kaboni, kama majani makavu, mabua, maranda na maboksi yaliyochanwa. Tena wanahitaji maji na hewa. Hewa ikikosekana, wanashamiri vijidudu wa aina nyingine, na hao ndio wenye uvundo. Ndiyo maana nasisitiza: kabla hujatafuta ndoo ya maganda, jaza gunia la majani makavu. Liweke pembeni ya lundo. Kila ukimwaga ndoo moja ya jikoni, funika kwa ndoo mbili za majani. Tangu nianze hivyo, jirani hajauliza tena habari za panya.

Lundo nimeliweka kivulini, juu ya udongo mtupu, si juu ya sakafu. Chini kabisa nilipanga vijiti na mabua ili hewa ipite. Kipimo kizuri ni mita 1 kwa upana na mita 1 kwa kimo, maana lundo dogo huoza pia, ila halishiki joto. Joto likifika nyuzi 55 hadi 65, mbegu nyingi za magugu hufa. Sina kipimajoto. Nina fimbo ya mpera ambayo nimeichomeka katikati ya lundo. Nikiichomoa alfajiri na kuishika kiganjani, ikiwa ya moto na ina unyevu, najua kazi inaendelea. Ikiwa ya moto lakini kavu, naongeza maji. Ikiwa ya baridi, nageuza lundo zima kwa uma wa shambani, vya nje viingie ndani. Mara ya kwanza nilipogeuza, mvuke ulipanda kama nimefunua sufuria ya wali. Nilimwita mke wangu aje aone.

Unyevu nao una kipimo chake cha mkono. Chukua konzi moja, ufumbate kwa nguvu. Matone mawili matatu yakitoka, pako sawa. Yakichuruzika, ongeza majani makavu na ugeuze. Wakati wa masika funika kwa turubai, la sivyo mvua itajaza lundo maji na kuosha virutubisho vyote.

Usitie nyama, samaki, mifupa wala ugali uliobaki, kwa sababu utawaita panya na paka wa mtaa mzima. Kinyesi cha mbwa na paka pia hapana. Majivu ya mkaa, konzi moja moja tu. Machicha ya nazi yanafaa sana, ila yatawanye, ukiyarundika yanashikana donge na kuchacha. Vifuu weka kando, vitakaa miaka. Na kama una ndago, nakusihi, usithubutu kuitia na vile vitunguu vyake, maana ikinusurika utaipanda mwenyewe kwenye kila tuta.

Nikigeuza kila baada ya wiki mbili, kwa joto letu la pwani inachukua kama miezi mitatu. Usipogeuza kabisa, hesabu miezi sita au zaidi. Ikiiva inakuwa nyeusi, inavunjika vidoleni, na harufu yake ni ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Usiwe na haraka hapa. Mboji mbichi hunyang'anya mimea naitrojeni, na miche hugeuka njano. Mimi hupanda kwanza mbegu za mchicha kwenye kopo moja la mboji na kopo jingine la udongo wa kawaida. Mchicha wa kwenye mboji ukiota vibaya kuliko ule mwingine, narudisha lundo kivulini wiki tatu nyingine. Ukiota vizuri, nachanganya ndoo moja kwa kila mita moja ya mraba, kwenye mchanga wetu huu ambao zamani ulikuwa unameza maji kabla sijaweka ndoo chini.