Marejeo si kazi ya usiku wa kuamkia kutuma andiko

Wadogo zangu mnaoanza kuandika makala za majarida, nimetoka kusoma rasimu za vijana wetu hapa Mtwara, na kila nikifika kwenye orodha ya marejeo roho inaniuma. Utafiti wenyewe ni mzuri. Takwimu za ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, mmezitafuta mikoroshoni kwenye jua kali, uchambuzi umetulia, mjadala una hoja. Halafu nakuta makala imetajwa ndani na kwenye orodha haipo, nyingine imo kwenye orodha na haikutajwa popote, na mwaka huku ni 2011, kule ni 2012. Mhariri akiona hivyo anaanza kujiuliza kama na takwimu za shambani mliziandika kwa uangalifu huohuo. Mtanyimwa haki yenu kwa sababu ya koma na mwaka, nami siko tayari kulitazama hilo nimenyamaza.

1. Soma maelekezo ya jarida kwa waandishi kabla hujaandika aya ya kwanza, na uache kuiga tasnifu ya kaka yako aliyemaliza zamani. Ndiyo maana bado naona "Dar es Salaam:" mbele ya jina la mchapishaji kwenye makala za APA, mtindo wa marejeo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, wakati toleo la 7, lililotoka mwaka 2019, liliondoa mji. Toleo hilo linataka waandishi wakiwa 3 au zaidi utaje wa kwanza tu na "et al." (yaani na wenzake) tangu mara ya kwanza, lakini kwenye orodha uwaandike wote hadi 20. Vancouver, mtindo uliozaliwa kwenye mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1978, unatumia namba, na mara nyingi orodha yake inaishia kwa waandishi 6 wa kwanza. Jarida lako likiwa na mtindo wake, fuata wa jarida.

2. Tumia programu ya marejeo tangu siku ya kwanza. Zotero ni ya bure, Mendeley nayo inapatikana bure. Msiniambie mtaingiza marejeo kwa mkono kwa kuwa ni machache. Hapo nitakaa kidogo.

Tuliwahi kuandika makala kuhusu upulizaji wa salfa kwenye mikorosho. Jarida lilitaka namba kwenye mabano ya mraba, nami ndiye niliyekabidhiwa marejeo. Nikaziandika namba zote kwa mkono. Wapitiaji, wataalamu wanaolipima andiko kwa niaba ya jarida, waliporudisha andiko, waliomba tuongeze chanzo kimoja kwenye utangulizi. Chanzo hicho kikawa [4], kwa hiyo [4] ya zamani ilipaswa kuwa [5], [5] iwe [6], na kuendelea mpaka mwisho. Nikatumia ile amri ya kutafuta na kubadilisha, nikianzia juu. Kila [4] ikawa [5]. Nilipobadilisha [5] kuwa [6], zile nilizotoka kuzigeuza zikaenda pamoja na za zamani, na hivyo hivyo kushuka chini, hadi karibu makala nzima ikawa inataja chanzo cha mwisho. Nikafungua nakala ya awali na kuanza upya, safari hii kutoka namba kubwa kurudi ndogo. Ikakubali. Nikafurahi, nikaituma.

Kilichonipita ni mabano yenye namba zaidi ya moja. Ukitafuta "[7]" kompyuta haitaiona ile 7 iliyomo ndani ya [7–9]. Mabano ya namna hiyo yalibaki kama yalivyokuwa. Kwenye mjadala tulikuwa na sentensi nzito iliyosema salfa ya unga hupunguza mashambulizi ya ubwiriunga kwenye mashada ya maua, na ilisimama juu ya [7–9]. Baada ya namba kusogea ilipaswa kusoma [8–10]. Ilivyobaki, iliingiza makala ya ubebeshaji wa miche isiyohusika kabisa, na ikamtoa mtafiti wa mwisho kati ya wale watatu. Huyo ndiye ambaye jaribio lake tulilitegemea kuliko yote.

Makala ikachapishwa. Mtafiti yule akaandika barua pepe ya upole, akasema ameyaona matokeo yake kwenye sentensi yetu ila hakuiona kazi yake. Niliisoma mbele ya wenzangu niliotia nao jina. Mzee wetu aliyeongoza kazi ya shambani misimu yote hakunigombeza. Aliuliza tu kama nimeshamwomba radhi. Nilimwomba, naye alipokea, lakini jarida lilitoa tangazo la masahihisho, na tangazo hilo limeambatana na makala mpaka leo. Anayeifungua anakutana nalo kwanza, akiwemo mwajiri, akiwemo mfadhili, na majina ya wenzangu wasio na kosa yamo.

Programu ingezipanga zote upya yenyewe, hata zilizo kwenye makundi. Na mkifika hatua ya kugeuza marejeo kuwa maandishi ya kawaida kwa ajili ya kutuma, hifadhini kwanza nakala ambayo bado imeunganishwa na programu, maana wapitiaji wataomba mabadiliko.

3. Kagua kinachoingia kwenye programu. Anacardium occidentale, jina la kisayansi la mkorosho, huja bila mlazo (herufi zilizoinama), uurudishe. Majina yetu matatu nayo yana tabu: Salum Hassan Juma, kwenye makala hii ni Juma, S. H., kwenye ile ni Salum, H. J. Fungua makala yenyewe uone ameandikwaje, kisha jina lake ulifuate hivyo hivyo.

4. Usitaje usichokisoma. Kudesa marejeo kutoka orodha ya mwenzako ni kurithi makosa yake. Ripoti ya zamani ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, iombe uisome. Ukikosa chanzo asilia kabisa, sema wazi umekikuta kwa nani. Siku hizi pia naletewa marejeo yaliyotungwa na akili bandia: mwandishi yupo kweli, jarida lipo kweli, makala haipo. Chukua DOI, namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, ile inayoanza na 10., iweke baada ya https://doi.org/ uone inafungua nini. Ikifungua makala nyingine, futa.

Mkulima wa Newala aliyekueleza jambo mkiwa njiani, kwa APA anatajwa ndani ya makala tu kama mawasiliano binafsi. Akiwa ni mhojiwa wa utafiti wako, maneno yake ni takwimu zako. Usimtaje kwa njia hiyo.

5. Angalia kama makala unayoitegemea haijaondolewa na jarida baada ya kuchapishwa. Hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizoondolewa, iko wazi kwa wote tangu Crossref, shirika linalosajili DOI, iichukue mwaka 2023, na Zotero hukuonya yenyewe.

6. Mwisho chapa kwenye karatasi, mkae wawili. Mmoja asome kila rejea ndani ya makala, mwingine aitie tiki kwenye orodha. Isiyo na tiki iondoke. Iliyosomwa na haipo itafutwe usiku huohuo. Ukikosa wa kukaa naye, nitafute, nije na kalamu yangu.