Injini kugonga tik-tik asubuhi: anza na oili

Ndugu, pole. Umesema Toyota IST yako huko Njombe inagonga tik-tik kwa nguvu kila asubuhi, dakika mbili hivi kisha inanyamaza, na fundi anataka kufungua silinda hedi (kichwa cha injini). Mwambie asubiri kwanza.

Pima oili kabla hujawasha, gari likiwa limelala usiku kucha mahali tambarare. Halafu tuambie umeweka oili gani. Wengi hujaza oili nzito ya 20W-50 kwa mazoea tu, wakati injini hiyo inataka oili nyepesi kama 5W-30. Kwa baridi ya Njombe, ile nzito inachelewa kupanda juu kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali), na vyuma vinagongana vikiwa vikavu. Filta nayo usiidharau: ile hafifu huacha oili iliyomo ndani yake ishuke chini usiku.

Oili ikiwa sawa, nenda kwenye manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba yanayotoa moshi kwenye injini. Hapa ndipo ninapopashuku zaidi. Gasketi yake (kizibo kati yake na hedi) ikivuja inatoa tik-tik ileile, na chuma kikipata moto kinatanuka, kinaziba, kelele inaisha. Injini ikiwa baridi pitisha kidole pale manifoldi inapokutana na hedi. Ukitoka na masizi makavu, meusi kama ya sufuria ya kuni, umeshapata jibu, na ni kazi ya gasketi tu.

Tapeti (vyuma vinavyosukuma vali) zikilegea, mara nyingi kelele huendelea hata injini ikishapata moto, wakati yako inanyamaza.

Ila taa nyekundu ya oili ikibaki inawaka, zima papo hapo. Usiliendeshe hata hadi gereji, mwite fundi aje.