Maswali na Majibu: Diski za Seva za Kampuni

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wa Mkoa wa Tanga, na yote yanahusu mahali pa kuweka data za ofisi. Barua ndefu nimezifupisha.

Ndugu mtaalamu, sisi ni mawakala wa forodha, na ofisi yetu iko jirani na Bandari ya Tanga. Tuko watumishi kumi na wanane. Seva moja ina hifadhidata ya mizigo, nyingine ina hati tulizoskani. Muuzaji anatushauri tununue SAN. Je, tunaihitaji?

Kwa ukubwa huo, hamwihitaji. SAN huipa seva nafasi ya diski kupitia mtandao maalumu, kwa namna ambayo seva huiona nafasi hiyo kama diski iliyofungwa ndani yake, na faida yake hudhihirika pale seva kadhaa zinazoendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) zinapochangia hazina moja ya data, ili moja ikizimika nyingine ichukue kazi zake bila data kuhamishwa. Ninyi mna seva mbili zenye kazi mbili tofauti. Mkinunua SAN ya bei nafuu, yenye kidhibiti kimoja na swichi moja, mtakuwa mmezitegemeza zote mbili kwenye kifaa kimoja, na siku kikiharibika ofisi nzima itasimama huku meli imeshatia nanga. Kuondoa hatari hiyo kunadai vidhibiti viwili, swichi mbili na fundi anayeufahamu mfumo, gharama ambazo sidhani kama zimo kwenye ankara mliyoonyeshwa.

Hifadhidata iwekeni kwenye SSD, yaani diski zisizo na sehemu inayozunguka, mbili pacha ndani ya seva yenyewe, moja ikiwa nakala ya nyingine. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika humudu takriban maombi mia moja kwa sekunde pale data inapokuwa imetawanyika, ilhali SSD ya seva humudu makumi ya maelfu. Hati zilizoskaniwa ziwekeni kwenye NAS, yaani kifaa kinachogawa mafaili kwa mtandao wa kawaida wa ofisi, na humo diski za kuzunguka zinatosha, kwa kuwa ni nafuu zaidi kwa kila terabaiti. Mwulizeni muuzaji ni kazi gani ya ofisi yenu inayokwama leo kwa kukosa SAN. Asipoweza kuitaja, msitie saini.

Ofisi ya shamba letu la mkonge, Korogwe, imenunua NAS ya nafasi nne na diski nne za terabaiti 16. Fundi anataka RAID 5 kwa sababu inaacha nafasi kubwa. Mhasibu amesikia kwamba RAID 10 ni salama zaidi. Tumfuate nani?

RAID ni mbinu ya kutumia diski kadhaa kama moja ili moja ikifa data isipotee, na namba hutaja mpangilio wake. Fundi hakukosea hesabu: RAID 5 itawapa terabaiti 48, na RAID 10 itawapa 32. Tatizo ni kwamba RAID 5 inastahimili kufa kwa diski moja tu. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoandika juu ya RAID mwaka 1988, ukubwa wa diski ulihesabiwa kwa megabaiti, na kuijaza upya diski inayochukua nafasi ya iliyokufa halikuwa jambo la siku nzima. Diski ya terabaiti 16, hata ikiandikwa kwa megabaiti 200 kila sekunde bila kukatizwa, huchukua zaidi ya saa 22 kujaa. Ofisi ikiendelea kuitumia NAS, kazi hiyo inaweza kufika siku kadhaa. Muda wote huo diski tatu zilizobaki, ambazo huenda zilitoka katoni moja na ile iliyokufa, zinasomwa mwanzo hadi mwisho bila kinga yoyote.

Kuna njia ya tatu ambayo hamkuitaja. RAID 6 nayo hutoa terabaiti 32, lakini hustahimili kufa kwa diski zozote mbili, wakati RAID 10 huanguka endapo diski mbili za jozi moja, zenye data ileile, zitakufa. RAID 10 huandika haraka zaidi, kwa hiyo ningeichagua kwa hifadhidata yenye shughuli nyingi. Kwa mafaili ya shamba, chagueni RAID 6. Hakikisheni pia kwamba diski zenu si za aina ya SMR, ambazo njia zake za data hulaliana na kwa sababu hiyo huchelewa mno pale mfumo unapojengwa upya.

Kabla ya kuiwasha NAS, nakilini namba iliyochapwa kwenye kila diski na kuibandika mbele ya trei yake. Taa ikigeuka rangi usiku wa manane, fundi mwenye usingizi huweza kuchomoa diski nzima akaacha mbovu, na kwenye RAID 5 huo unaweza kuwa mwisho wa data.

Je, hoteli yetu ya Raskazone inaweza kutumia SSD za kompyuta za kawaida kwenye seva? Zina bei nzuri.

Zinaweza kufanya kazi, ila SSD nyingi za aina hiyo hazina kapasita, yaani vihifadhi umeme vidogo, za kumalizia kuandika umeme unapokatika, na UPS (betri ya dharura) iliyochoka haiwezi kuziba pengo hilo. Linganisheni pia kiwango cha uandishi kilichodhaminiwa, ambacho watengenezaji hukitaja kwa terabaiti. Na mkiwa karibu na bahari kiasi hicho, chumba cha seva kisipozwe kwa kufungua madirisha: hewa ya chumvi hula viunganishi.

Tukiwa na RAID, tunahitaji pia nakala rudufu?

Ndiyo. RAID hukinga dhidi ya kufa kwa diski tu. Faili likifutwa kwa makosa, au virusi vya kudai fidia vikiingia, diski zote hutii amri ileile kwa wakati mmoja.

Zahanati yetu ya Muheza inataka kuhamishia kila kitu kwenye wingu ili tuachane na diski. Unashauri nini?

Hesabuni kwanza laini yenu ya intaneti. Terabaiti 2 kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa, na siku ya msiba mtasubiri muda huohuo kuzirudisha. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, hivyo mwulizeni mtoa huduma seva zake ziko nchi gani na mpate jibu kwa maandishi. Mimi ningebaki na seva ndogo hapo hapo zahanati, ili mgonjwa ahudumiwe hata laini ikikatika, na kupeleka wingu nakala iliyofungwa kwa ufunguo ambao mnao ninyi wenyewe. Kila baada ya miezi michache rudisheni faili la mgonjwa mmoja kutoka kwenye nakala hiyo, na daktari alifungue mbele yenu.